Kwa Mfuniko wa Sufuria

Mwaka wa tisini na mbili nilipewa mhuri mpya
na mkono wangu ulikuwa mwepesi.
Kadi baada ya kadi, pale mezani penye jua,
nilipiga: HAUPO. HAUPO. HAUPO.
Mmea mmoja wa jamii ya kunde, maua manjano,
uliochumwa mara moja tu katika jangwa la Karakum,
kando ya kisima ambacho mchumaji alikiandika kwa wino
halafu chai ikalimwagikia jina,
nao nikaupiga. Wino ulikolea vizuri.
Nikaenda kula.

Hakuna aliyeniuliza: ulitafutwa na nani?

Mwaka huu, baada ya miaka sita ya mawingu bahili,
mvua ilinyesha Februari, siku tatu bila kupumua.
Ogulgerek akaja ofisini na viatu vya matope
(wazazi wake walitaka mvulana; jina lake ndilo ombi hilo,
wakampa yeye alibebe)
akasema, "Mzee Taganmyrat, umekausha majani ya wenzio
miaka thelathini. Panda gari."

Tuliandika siku nne.
Vitunguu-mwitu viwili visivyowahi kuandikwa wilayani,
nyasi iliyovuka mpaka bila pasi,
kitu chenye miiba ambacho Ogulgerek alikitazama
mpaka chai yake ikapoa, akaandika tu: "?"
Jioni tulibadilisha magazeti kwenye mbao za kukaushia.
Hotuba za mwaka jana zilikunywa maji ya majani,
zikavimba, zikatulia.

Siku ya tano gari likazama hadi ekseli.
Hallyguly, mchunga ngamia, alicheka kwanza
akasaidia baadaye.
Mimi nilikuwa nachimba kwa mfuniko wa sufuria
nikasikia kitu kikikatika, kidogo, kama uzi menoni.
Mzizi. Na juu yake ua,
dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti,
bado linawaka, halijapata habari.

Nilijua.
Kabla Ogulgerek hajatoa kioo cha kukuzia,
kabla hajapasua ganda na kuhesabu mbegu,
nilijua kama mtu anavyomjua mdai wake sokoni:
kwa mgongo, kwa kisogo, kwa joto la masikio.

"Huo?" akasema Hallyguly. "Baba yangu aliuchukia.
Ukiota, maziwa yanakuwa machungu wiki nzima.
Mmekuja mbali hivi kwa ajili ya huo?"

Sheria ya kazi ni hesabu kwanza, chuma baadaye;
ikiwa chini ya ishirini, mikono mfukoni.
Tukatambaa kwa magoti, watu wazima watatu,
tukichomeka kijiti cha saksauli kando ya kila mmoja.
Kumi na nane.
Ogulgerek akahesabu upya, akiomba awe amekosea.
Kumi na nane, na ngamia mmoja anasogea
akijifanya anatazama upande mwingine.
Hallyguly akamrushia kiatu.

Toa niliokata mimi: kumi na saba.

Huo ndio uliolala kwenye gazeti.
Usiku nilifungua mbao mara mbili kuuchungulia
kama mtu mwenye mgonjwa ndani.

Leo niko mezani, jua lile lile.
Ogulgerek amekataa kuandika jina lake.
"Mkusanyaji ni wewe," anasema, "andika na namna."
Nimeandika: Taganmyrat, kwa mfuniko wa sufuria, bila kukusudia.
Kadi ya zamani nimeiacha na mhuri wake;
haukubali kufutika, nimejaribu kwa mate na kwa wembe.
Nimeibana nyuma ya mpya.

Kisima kinaitwa Jike Kipofu.
Hallyguly alinitajia, nikamrudishia herufi kwa herufi.
Nimeliandika jina mara mbili, kwa penseli,
na kikombe changu cha chai
nimekiweka sakafuni.