Kilichofidiwa

Februari, Uozu. Theluji imefika usawa wa kitasa.
Nimemwaga bahasha juu ya meza yenye joto,
chini ya blanketi miguu yetu minne inagusana
kama watu waliosahau kwamba wamegombana.

Risiti themanini na moja.
Yukimasa anasoma, mimi naandika.
Mali bila daftari huisha bila habari;
na hili lisilo mali nalo lina daftari:
jina la mgonjwa, hospitali, kilicholipwa,
na safu ya nne, nyembamba: kilichofidiwa.

"Juni tatu, sindano."
"Juni tano, sindano."
"Juni nane, kuvuna mayai."
Kuvuna! Nacheka peke yangu.
Bima ilibeba sehemu saba za kumi, sisi tatu;
mayai yalikuwa saba, yakatunga matatu.
Siku hiyo hesabu ilikuwa na adabu.

Wino wa risiti za zamani umefifia.
Nasogeza taa, natafuta tarakimu
kama fundi wa maabara alivyotutafutia kwenye skrini
kitone cha seli nane: "Hapa, mnaona?"
Tulisema tunaona.

Nauli ya treni inakubalika,
Uozu hadi Toyama, kwenda na kurudi, mara ishirini na sita.
Petroli haikubaliki. Wala maegesho.
Sheria inajua treni; haijui ule usiku wa Novemba
reli zilipofukiwa, na Yukimasa akaendesha
mikono miwili kwenye usukani, kimya,
nami nimekalia taulo la bluu
nikihesabu taa za barabarani
ili nisihesabu kitu kingine.
Anaishika risiti ya petroli: yeni elfu tatu mia nne.
"Hii haiingii," anasema,
na badala ya kuitupa anaikunja,
anaitia mfuko wa shati.

Ruzuku ya mkoa ilikuja Desemba,
barua yenye mhuri mwekundu na lugha ya heshima:
tumepokea ombi lako, tumeridhia.
Fomu inasema ipunguzwe,
kilichofidiwa hutolewa kwenye kilicholipwa.
Naandika elfu hamsini, safu ya nne.
Kwa Novemba naandika sifuri,
na kalamu inaizunguka mara mbili.

Machi kumi na mbili natimiza arubaini na tatu.
Bima ina mlango, na mlango una umri:
ukianza leo umo, ukianza kesho jilipie.
Mama mkwe ameuliza nataka keki gani.
Nimesema yoyote. Nilitaka kusema
isiyo na mishumaa.

Ofisi ya kodi, foleni hadi ngazi.
Karani kijana, tai imempinda,
anateremsha kidole safu kwa safu,
anafika sifuri yangu nene, kidole kinasita.
"Matibabu bado yanaendelea?"
Hakuna kisanduku cha swali hilo kwenye fomu.
Labda ni maneno tu, kama kuulizana habari za theluji.
Yukimasa ananitangulia:
"Yanaendelea."

Sikujua. Hatukuwa tumezungumza.
Kwenye ngazi nikamwambia kamba ya kiatu chake imelegea,
akainama kuifunga, akachelewa kuinuka.
Machi kumi tukatia saini mpango wa matibabu,
siku mbili kabla ya keki.

Aprili, serikali imerudisha kodi:
elfu thelathini na nane, mia nne sitini.
Natoka nazo benki kwenda kulipa kodi nyingine,
ya chumba kisichofika unene wa kidole,
nyuzi mia moja tisini na sita chini ya sifuri,
mpangaji mmoja, seli nane, hajambo, wanasema.

Zinabaki sarafu za kununulia bahasha.
Juu yake naandika mwaka.
Risiti ya kwanza inaingia,
wino wake bado mweusi.