Godoro Juu ya Paa

Siku arubaini na moja, Azzan, ulikuwa mkavu.
Nilizihesabu kwa kijiti cha wanja
nyuma ya mlango wa choo, mistari mistari, kama mfungwa.
Pampasi zilizobaki nikazigawa kwa jirani,
nikajisifu kwa bibi yako kwenye simu.
Kutoka Ibra akajibu, "Mashallah,"
kwa sauti ya mtu anayesubiri.

Kisha tukamleta Ruqayya kutoka hospitali.

Siku ya tatu, wageni tele,
kahawa imemiminwa, halwa imefunuliwa,
shangazi yako Shinuna ndiyo kwanza anampakata mchanga,
ukaja ukasimama katikati ya zulia
ambalo baba yako bado analilipia,
dishdasha mpya, kofia imelala upande,
ukanitazama usoni
ukaachia.

Mtu akasema, "Kikojozi karudi!"
Wakacheka. Ukacheka nao,
halafu ukanyamaza kabla yao.
Mimi nilikuwa jikoni nikilia,
nikijifanya natafuta kitambaa.

Tangu hapo kila alfajiri ni godoro.
Nalipandisha ngazi kabla Mabela haijaamka,
nalilaza kati ya matangi ya maji na madishi.
Jua la Julai halina kinyongo:
nusu saa tu, doa limekuwa ramani
ya nchi isiyo na watu.

Nimekugombeza, sikatai.
Nilikwambia mdogo wako atakucheka,
yeye asiyeweza hata kuishika shingo yake.
Nikakukalisha kwenye poti la kijani
mpaka mapaja yakatoka duara jekundu,
na ulipoinuka, poti kavu kama jiwe,
hatua mbili tu, ukalowesha mkeka.
"Haba na haba," akasema bibi yako,
sikujua kama ananifariji au ananitania.

Alhamisi, njiani kwenda kwake, wadi ilikuwa imeshuka.
Miaka miwili ilikuwa mawe matupu, mbuzi wakilala humo;
leo maji ya rangi ya chai yameikata barabara.
Baba yako akazima gari.
Mbele yetu magari ishirini, wala honi moja.
Mzee mmoja akafungua buti, akatoa birika,
akawagawia kahawa asiowajua.

Ukabandika pua kwenye kioo.
"Mama, wadi imekojoa?"
"Imekojoa."
"Mama yake ataigomba?"
Baba yako akageuka kunitazama.
Nikasema, "Aliigomba.
Sasa amekaa ndani ya gari, anajuta."

Ukafikiri kidogo.
"Na yeye ana mtoto mwengine?"
Nikashindwa kujibu. Nikakuvuta mapajani,
ulivyo mrefu, miguu ikining'inia,
Ruqayya akalala kwenye kiti chake,
kwa mara ya kwanza tangu azaliwe
sikumtazama.

Usiku ule, Ibra, ukanivuta kidole.
"Mama. Nataka."
Tukakimbia gizani, tukijigonga kwenye masanduku.
Nusu iliingia chooni,
nusu ilibaki kizingitini.
"Umefika," nikakwambia, na sikutafuta wanja.

Asubuhi tena ulikuwa umelowa mpaka kifuani.
Nikavuta shuka, nijiandae kwa godoro, kwa ngazi, kwa aibu ya ugenini,
na chini ya shuka nikakuta nailoni,
imetandikwa vizuri, pembe zimekunjwa,
kazi ya mikono ya mtu
aliyewalea saba
na hakuniambia kitu.