Mlango wa Kushoto

Mashine mpya ilikuja sandukuni, inanuka raba,
nyepesi kama sinia tupu.
Bwanaheri, mjomba wangu, alisema kwa simu:
hiyo ina nguvu mara nane ya lile gogo lako.
Nguvu mara nane,
na ikashindwa kufungua mlango mmoja.

Lile gogo, feni yake ikikohoa kama mgonjwa wa pumu,
lilikuwa na jumba ndani.
Vyumba arubaini, picha hakuna hata moja.
Maji yanadondoka sikio la kulia,
bawaba inalia sikio la kushoto,
na Mlinzi anapita na shada la funguo;
ukimsikia masikio yote mawili sawasawa
basi yuko mbele yako, umekwisha.

Bwenini tulikuwa na hedifoni moja, mimi na Somoe.
Sikio lake, sikio langu.
Kila mmoja alikuwa na nusu ya jumba,
nusu ya pili lazima umwamini mwenzio.
"Kushoto," hunong'ona. Nami hubonyeza.

Siku tatu nilikwenda Langoni kwa Mwanakheri,
anayepiga chapa vyeti na kadi za arusi,
nikizisoma kuta kwa mwangwi wa fimbo,
nikijibanza punda wapite, simile, simile,
hapa panapanuka, hapa mlango u wazi na mahamri yamo mafutani.
Njia hiyo niliijua kabla ya jumba.
Au jumba ndilo lililonifunza njia; sina hakika tena.

"Kweusi tu," akasema. "Umekufa huu mchezo?"
Haujafa. Ndivyo ulivyo.
Akacheka, akavuta kiti.

Kwanza mashine iliukana: simjui aliyeutunga.
Tukaidanganya umri,
tukaiambia huu ni mwaka elfu mbili na nne,
ikaridhika, kama bibi anayekubali kuitwa binti.
Kisha ikadai faili moja ya sauti, ndogo, isiyotengenezwa tena;
ilikuwamo katika diski ya lile gogo.
Mwanakheri akaichomoa diski kwa bisibisi ya miwani,
taratibu, kama atoaye mwiba wa samaki kooni mwa mtoto.
Kisha alama zikakataa kuandikika:
chumba cha ndani hufungwa siku hizi, mgeni haingii.
Tukalihamisha jumba zima barazani.

Siku ya tatu likafunguka. Na Mlinzi akaja mbio!
Hatua zake korosho zimwagwazo juu ya bati,
nikafa kabla sijashusha pumzi.
Zile nguvu mara nane zote zilikwenda miguuni mwake.
Mpaka adhana ya alasiri Mwanakheri alikuwa akitafuta
namna ya kumchosha.

Mteja mmoja, mwenye haraka na fotokopi zake, akauliza:
kwani michezo mipya haipo?
Ipo. Ninayo. Mizuri.
Sikumjibu zaidi, kwa kuwa ile sauti kavu
ilikuwa imeanza kusoma orodha ya washindi.
Wa kwanza, Somoe, elfu tatu mia moja na kumi na tano.
Wa pili, Somoe.
Wa tatu, Somoe.
Wa nne, mimi.

Nilimpigia huko Witu. Kuku nyuma yake, mtoto analilia uji.
Sikusema kitu, nikaweka simu baina ya spika mbili.
Simu haina kulia wala haina kushoto,
yote huyasaga pamoja kama pilipili na chumvi,
nilijua hataambulia neno.
Maji. Bawaba. Kimya kirefu.
Kuku.

"Kushoto," akasema.

Nami nilikuwa nimezisikia funguo huko huko kushoto,
nilizisikia wazi.
Nikabonyeza kushoto.