Kazi ya Kukaa

Mkahawani nililipwa yuro saba kwa saa,
vidole vikachakaa kwa sabuni ya vyombo,
na mtihani wa hisabati ukanikuta nasinzia.
Tinkara, ninayelala naye chumba kimoja, akaninong'oneza:
"Chuo cha sanaa, ng'ambo ya mto, wanatoa kumi na nane.
Kazi yenyewe ni kukaa."

Kukaa tu! Nikacheka hadi chai ikanipalia.

Basi kila Jumanne napanda juu ya kigoda,
shuka begani, hita ikichoma goti moja
na jingine likiganda.
Dakika ya kumi, shingo inadai haki yake.
Dakika ya ishirini, pua inawasha,
na pua haina ruhusa.
Nakokotoa milinganyo kichwani;
penseli zinakwaruza kama kuku wanaopekua uani.

Mama alipiga simu kutoka Ptuj:
"Živa, hiyo kazi ya pesa nzuri ni kazi gani?"
Nikamwambia, "Ya mezani."
Uongo wangu una miguu mitatu, kama kigoda.

Kodi nimelipa. Viatu vya theluji nimenunua.

Juzi, watu wakikunja karatasi,
Bogomir, dereva mstaafu wa treni,
akanionyesha mchoro wake.
Uso hakuuweza.
Lakini bega la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo,
vile linavyoshuka la mama
akitoka zamu ya usiku kiwandani.

Nikauomba. Akakataa.
Akasema nisubiri Jumanne,
mkono bado hajaumaliza.