Jenereta Inalala Nje

Shika ncha hii, Marivel, usiiachie.
Redio imesema saa nne usiku,
lakini mbuzi wamesema tangu asubuhi:
wamejibanza nyuma ya ukuta wa mawe,
hawataki hata majani ya viazi.

Kamba imepita juu ya paa mara saba,
kama mzigo wa mtu asiyerudi karibuni.
Ya nane ni yako. Umeolewa hapa,
paa hili sasa linakudai.
Hapana, si hivyo.
Fundo la Manila halishiki Sabtang,
hilo ni la kufungia zawadi.
Zungusha jiwe mara mbili, pitisha chini, vuta
mpaka nyasi zilalamike.
Vuta tena.

Kuta usiziogope. Babu yake Rodel alizijenga
kwa mawe na chokaa, unene wa mkono mzima,
na upande upepo unakotokea hakuweka dirisha.
Wageni huuliza kwa nini nyumba zetu
zinaipa bahari kisogo.
Sura yake tunaijua.

Haya, ndani.
Maji: jaza ndoo, jaza masufuria,
jaza na beseni la kuogea mtoto.
Mtungi wa gesi ufunge shingoni.
Swichi kuu izime kabla umeme haujakatika wenyewe,
maana ukirudi hurudi kama mlevi,
hupiga chochote kilicho karibu.
Vyeti, hati ya shamba, kadi ya kliniki
na ile picha ya Nemesio, tia kwenye kopo la biskuti,
kopo tia kwenye mfuko, mfuko ufunge
kwa lile fundo lako la zawadi. Hapo linafaa.
Mshumaa sitaki, paa ni nyasi.
Tochi ziko tatu. Moja ni mbovu,
ila ukiipiga gotini inawaka.

Na jenereta.
Njoo nikuonyeshe inapolala.
Hatua kumi na tano kutoka mlangoni,
ndani ya kibanda cha mabati kisicho na ukuta wa mbele.
Nilikigongelea misumari mwenyewe. Watu walicheka:
mjane amejengea mashine nyumba.

Mwaka ule upepo ulipiga usiku kucha
na haukung'oa hata unyasi mmoja.
Kamba zilishika. Kuta zilishika.
Tulitoka asubuhi tukitazamana kama washindi.
Umeme hakuna, mvua bado,
na friza imejaa samaki wa msimu mzima.
Nemesio akaiingiza jenereta jikoni isilowe,
akafunga mlango, mvua isimfuate,
akaketi kwenye kigoda kushona wavu.

Nilimpelekea kahawa saa tano.
Wavu ulikuwa mapajani, sindano bado mkononi,
mashavu yana rangi ya mtu aliyetoka kucheka.
Nikamwita kwa sauti ya kumkaripia.

Hewa ile haina rangi, haina harufu,
haibishi hodi.
Mwaka mzima niliilaumu dhoruba.
Niliisingizia.
Mashine iliendelea kunguruma mpaka mafuta yakaisha,
na samaki walibaki wagumu kama mawe.
Tuliwala matangani.

Kwa hiyo Rodel akikwambia mvua itaiharibu,
mwambie iharibike.
Akikwambia ni dakika kumi tu,
mwambie aje aniombe mimi.

Giza linaingia. Ingiza kuku.
Fundo lako nimelikagua,
nimelifungua, nimelifunga upya.
Usinune, mwanangu:
mama mkwe wangu alilifungua langu
miaka minne mfululizo,
na mwaka wa tano alilishika, akalivuta,
akaingia ndani bila kusema neno.