Chuma Hakihitaji Ganzi

Nililinunua ghalani, Vännäs, mwezi wa kumi,
kwa bei ya meza ya jikoni na viti vyake vinne.
Saab ya mwaka sitini na nne, kijani cha supu ya njegere.
Kuku walikuwa wamehamia kiti cha nyuma,
na yai moja lililokauka, jepesi kama kizibo,
nilipewa bure.

Kaka yangu Sixten alilizunguka mara moja, mikono mfukoni.
"Hili si gari," akasema.
"Ni kutu iliyokumbuka umbo la gari."

Nikacheka. Miaka thelathini na minne nilisimama
upande wa kushoto wa daktari wa meno
nikishika mrija wa kufyonza mate.
Najua kuoza kunavyoanza:
kidoa cha rangi ya chai, pale mswaki usipofika.

Nilipostaafu walitaka kunipa saa.
Nikaomba vyombo vilivyochakaa badala yake:
ndoana za kukwangulia, kioo kidogo cha mdomoni,
brashi zisizozidi upana wa punje ya mchele.
Navyo naingia chini ya vizingiti vya milango,
nagonga, nasikiliza. Bati zima hulia.
Lililooza hunyamaza, kama mtu anayetunga uongo.
"Fungua zaidi," huwa naliambia, kwa mazoea.

Haba na haba hujaza kibaba:
kutu nayo yaijua methali hiyo.
Mwaka wa kwanza nilikwangua sakafu.
Wa pili, sakafu.
Wa tatu nilijifunza kuchomelea,
nikatoboa nilichokuja kuziba.
Wa nne nilivunjika kiwiko, barafu ya mlangoni pangu mwenyewe.
Wa tano siukumbuki vizuri. Mama alikuwa akifa polepole Umeå,
nami nikitoka hospitali nilikuja kukaa ndani yake,
bila injini, bila vioo,
mikono kwenye usukani,
nikibadilisha gia za hewa.

Elof wa jirani alikuwa na miaka tisa alipokuja kushika tochi,
kwa mikono miwili, ulimi nje.
Chelewa chelewa, walisema, utamkuta mwana si wako.
Ni kweli. Nimechelewa, nimemkuta mwana si wangu
ameota ndevu, yuko mgodini Kiruna,
anainua injini ya silinda tatu
kana kwamba ni kikapu cha viazi.

Tulipofumua kiti cha nyuma tulipata kikaratasi,
penseli, mwandiko ulioinamia kushoto:
hamira, mishumaa, betri, mpigie Signe.
Tulikisoma mara nyingi. Signe nani? Alipigiwa?
Nilikishona kiti upya kwa kitambaa cha kijivu,
na kabla ya mshono wa mwisho
nikakirudisha kikaratasi ndani.
Elof aliniona. Hakuuliza.

Jumamosi iliyopita nilichanganya oili na petroli,
kama injini hizi zinavyotaka,
nikavuta choki. Likakohoa.
Likakohoa tena.
Mara ya tatu likashika:
pop-pop-pop, mahindi ndani ya sufuria yenye mfuniko,
moshi wa buluu ukajaa hadi darini,
Elof akakimbilia nje akitokwa machozi na kucheka,
Sixten akatoa mikono mfukoni.

"Taa ya nyuma, ya kushoto, haiwaki!"
Elof alipiga kelele kutoka kwenye theluji.

Nikazima injini. Miaka kumi na miwili.
"Iache," nikamwambia. "Hiyo nimejiwekea ya kesho."