Dakika Saba za Bomba

Kaka yangu Vakhtangi ametengeneza filamu.
Tumeketi safu ya tano, mama na mimi, hapa Kutaisi,
ukumbi nusu mtupu, makoti hatujayavua
kwa kuwa hita imekufa tangu Jumatatu.

Filamu yaanza na bomba la jikoni kwetu.
Tone. Kimya. Tone.
Dakika saba nzima, nimezihesabu kwa saa ya mkononi.
Mtu wa nyuma yetu akohoa, mwingine atoka.
Sauti ya kaka, nzito kama ya mwenye mafua, yauliza:
Nani aliyetupa uhai, kisha akageuza uso?
Mama ananinong'oneza:
"Lile bomba baba yako alilitengeneza. Halikuvuja tena."

Baba wa kwenye filamu ni mrefu, mtanashati,
husimama dirishani akawaza.
Baba yetu alikuwa mfupi, alinuka grisi ya kiwanda cha malori,
na alipowaza, alipiga meza.
Ule mwaka wa giza, umeme ulipokatika mji mzima,
alitutoa nje usiku, sote watatu, akatuonyesha nyota.
"Hizi," akasema, "hawana swichi yake."
Hilo Vakhtangi hakuliweka.
Labda hakuziona. Nakumbuka alikuwa ameinama,
anahangaika na kitu gizani.

Ameweka mto Rioni na mawe yake meupe,
ameweka mzabibu wa barazani ukipukutika,
ameweka jua, jua, jua.
Malkhazi hayumo.
Kuna viatu tu mlangoni, vidogo,
kamba zimekazwa mafundo mawili mawili.
Kamera yavisogelea
jinsi mtu anavyomsogelea mbwa asiyemjua,
kisha yarudi nyuma.

Hapo mama anaacha kunong'ona.
Mkono wake unaingia mfukoni mwa koti langu,
kana kwamba mimi ndiye mama,
unakaa humo.

Taa zinawaka. Watu kumi na mmoja wanapiga makofi.
Kaka amesimama mbele, kofia mkononi, anaizungusha,
anasubiri mtu amwambie filamu yake ina maana gani.
Mama anampanda kwa ncha za vidole,
anamfunga skafu shingoni, anavuta fundo.
"Zile kamba," anamwambia.
"Malkhazi hakujua kuzifunga.
Wewe ndiye uliyekuwa ukimfungia."